Hulka ya Lenzi

Kiingereza huisifu lenzi inayoipa picha sura yake ya pekee kwa neno linalokaribiana na tabia, na baadhi yetu tumelichukua hivyo hivyo: "lenzi yenye tabia". Mimi silikubali. Ukisema "fulani ana tabia" kisha ukanyamaza, msikilizaji anasubiri lawama. Tena tabia hufunzwa na hubadilika, ilhali kioo kikishasuguliwa kiwandani hakifunzwi tena. "Haiba" ni tamu, lakini inataja mvuto anaouona mtazamaji, haimwelezi mpigapicha kilichomo ndani ya pipa la lenzi. Ninapendekeza "hulka", neno la maumbile ambayo mtu huzaliwa nayo, mazuri na mabaya kwa pamoja.

Maana lenzi yenye hulka kwa kweli ni lenzi yenye kasoro zilizoachwa. Kwa hesabu, miale yote inayotoka nukta moja ingepaswa kukutana tena katika nukta moja. Hakuna kioo kinacholitimiza hilo kikamilifu. Katika miaka ya 1850 Mjerumani Philipp Ludwig von Seidel alizipanga kasoro hizo kuwa tano: miale ya ukingoni kukutana mahali pengine na ile ya katikati, nukta za pembeni kuota mkia, mistari ya wima na ya mlalo kuachana fokasi, uso wa fokasi kujikunja badala ya kuwa bapa, na mistari iliyonyooka kupinda. Ziko pia kasoro za rangi. Msanifu hupunguza hii akaiachia ile, kwa sababu kila marekebisho yana gharama na uzito wake. Kile kilichobaki ndicho hulka.

Kasoro ya kwanza ndiyo ninayoipenda zaidi. Ikiachwa kidogo, kwa upande unaofaa, mpaka kati ya uso na bluri ya nyuma unalainika, na ngozi inapata nuru nyepesi. Lakini lenzi hiyo hiyo huikwaruza bluri ya vitu vilivyo mbele ya mtu. Majani yaliyo karibu na kamera yanakuwa na kingo kali zinazosumbua jicho. Hulka hailainishi pande zote mbili.

Halafu kuna mzunguko. Joseph Petzval alisanifu lenzi yake ya picha za watu huko Vienna mwaka 1840, na uso wake wa fokasi umejikunja hata nyuma ya mtu huonekana kuzunguka. Karne moja baadaye Warusi waliunda Helios 44 ya milimita 58, f/2, kwa kufuata Biotar ya Zeiss, wakaifunga kwenye kamera za Zenit. Nayo huzungusha. Kwenye pembe za picha, ukingo wa pipa hukata duara za mwanga zikachongoka, na duara hizo zilizochongoka hujipanga kuizunguka katikati.

Hapa Songea hulka hiyo haihitaji kutafutiwa mahali. Bibi harusi akisimama mbele ya mwembe, jua likipenya majani, Helios iliyofunguliwa yote humtoa yeye peke yake katikati ya mwanga unaozunguka. Mwezi Juni, baridi inapoingia na ukungu wa asubuhi ukatanda milima ya Matogoro, naiweka kando. Utando wake wa kuzuia mng'ao ni mwepesi, weusi unafifia, na ukungu ukiongezwa juu ya ufifiaji huo sura yenyewe inapotea. Hapo 50mm f/1.8 ya kawaida inanitosha. Canon ya mwaka 1990 ya aina hiyo ina vibati vitano tu kwenye apecha, hivyo ukiibana kidogo taa za ukumbini zinageuka pembetano. Hiyo nayo ni hulka. Kijana anayeanza kazi ningemshauri atoe fedha zake kwa lenzi mbili za namna hii kabla ya kufikiria bodi mpya ya kamera.

Ila kuna mahali ambapo hulka inadhulumu. Kwenye Makumbusho ya Majimaji, mbele ya kaburi la pamoja la mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na wakoloni wa Kijerumani Februari 27, 1906, nabana apecha hadi f/8. Mjukuu anayekuja kusimama pale amefuata kilicho nyuma yake. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo akaomba radhi. Picha ya siku hiyo inayofuta kaburi kwa bluri inamwonyesha mzee amesimama bustanini, basi. Nashikilia sana jambo hili, kwa kuwa naona bluri ikipakwa kila mahali siku hizi, na simu zimeirahisisha mno. Simu haina hulka hiyo: lenzi yake ni ndogo, karibu kila kitu kimo katika fokasi, na programu ndiyo inayokisia mtu anaishia wapi. Mara nyingi inakata nywele au ncha ya kilemba.

Ukitaka kujua hulka ya lenzi kabla ya kuilipia, mpige mtu picha mbele ya majani yenye mwanga kwa apecha iliyo wazi kabisa, kisha f/4, kisha f/8. Rudia usiku, taa zikiwa nyuma yake. Mwisho elekea jua. Angalia pembe za picha zaidi kuliko katikati, kwa kuwa katikati lenzi nyingi hufanana.