Majedwali ya Bujumbura na ramani za wengine

Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake ukaingia Gatumba, magharibi mwa Bujumbura, na maelfu ya watu wakahama. Siku kama hiyo swali la kwanza la mganga mkuu ni fupi: vituo vipi vya afya vimezingirwa na maji? Jibu lake limegawanyika. Majina ya vituo na idadi ya wagonjwa vimo katika hifadhidata ya wizara. Maji yanaonekana kwenye picha za setelaiti, katika kompyuta za watu wengine.

Edgar Codd wa IBM alipoeleza hifadhidata ya majedwali yanayohusiana, mwaka 1970, ramani za Burundi zilikuwa karatasi, nyingi zikiwa urithi wa enzi za Wabelgiji. Daraja kati ya majedwali na ramani lilianza kujengwa mbali sana. Mwaka 2001 kampuni ya Refractions Research ya Victoria, Kanada, ilitoa PostGIS, programu ya bure inayoiwezesha hifadhidata ya PostgreSQL kutunza nukta, mistari na mipaka. Mwaka 2011 PostgreSQL 9.1 ikaleta majedwali ya nje: unaliuliza jedwali kama lako, nalo linakwenda kuchota data huko iliko, iwe faili au seva ya taasisi nyingine. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na Burundi, umesimama juu ya programu hizo mbili. Kwamba hazina ada ni jambo kubwa kwa nchi yenye bajeti kama yetu.

Kuunganisha, basi, kukawa kazi ya mistari michache. Kukubaliana kila mahali pako wapi ndiko kugumu. Ramani za zamani zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1950, ilhali simu na setelaiti hutumia WGS 84. Usipogeuza vipimo, nukta husogea mita 300 hivi, na kwenye ufuko wa kaskazini wa Tanganyika umbali huo unatosha kuitia nyumba ziwani. Majina nayo hayaaminiki, kwa kuwa vilima vingi vinaitwa sawa katika tarafa tofauti. Ndiyo maana kila eneo linahitaji namba yake, ileile katika kila ofisi.

Hata namba huzeeka. Sheria ya 2023, iliyoanza kutekelezwa na uchaguzi wa 2025, ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42. Bubanza, Cibitoke, Bujumbura Vijijini na jiji lenyewe sasa ni mkoa mmoja wa Bujumbura. Naomba mipaka ya zamani isifutwe kwenye seva. Kila mpaka uwekewe tarehe ya kuanza na ya kuisha, ili atakayetaka kulinganisha malaria ya Gatumba ya 2020 na ya 2026 ajue analinganisha ardhi ileile.