Kuku anapokaribia tarehe ya mwisho: kumhifadhi, kumgandisha na kumpika kwa usalama

Kuku mbichi huharibika upesi. Tarehe ya mwisho kwenye pakiti ikikaribia, una njia mbili tu zilizo salama: mpike au mgandishe kabla tarehe hiyo haijapita. Ukurasa huu unaeleza jinsi ya kufanya hivyo, na wakati ambao ni lazima kumtupa hata kama roho inauma.

Tarehe kwenye pakiti ina maana gani?

Pakiti za kuku wa dukani mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza.

- USE BY au EXP ni siku ya mwisho ya kumtumia. Hii inahusu usalama. Ikipita, usimpike wala usimgandishe.
- BEST BEFORE inahusu ubora. Utaiona zaidi kwenye vyakula vikavu, vya kopo au vilivyogandishwa.

Tarehe hiyo ni ya kweli ikiwa tu kuku amekaa kwenye baridi muda wote. Akishinda nje ya friji, anaweza kuharibika hata kama tarehe bado haijafika.

Kuku wa sokoni au uliyemchinja nyumbani hana tarehe. Kama hutampika siku hiyohiyo, mweke kwenye friji mapema na umpike ndani ya siku 1 hadi 2, au mgandishe.

Mbona hanuki?

Wengi wetu hunusa nyama kabla ya kuamua. Lakini bakteria wanaotoa harufu ya uozo si lazima wawe ndio wanaoleta ugonjwa. Salmonela na Kampilobakta wanaweza kuwa kwenye kuku ambaye harufu, rangi na ladha yake ni ya kawaida kabisa. Kwa hiyo kuku aliyepita tarehe atupwe hata kama hanuki. Na anayenuka, anayeteleza kwa utando au aliyegeuka rangi kuwa ya kijani atupwe hata kama tarehe bado.

Je, nikimchemsha sana?

Moto huua bakteria. Lakini wapo bakteria ambao, wakishaongezeka kwenye chakula, huacha sumu isiyoondolewa na moto. Kumkaanga sana, kumwekea ndimu au kuongeza viungo hakutamrudisha kuku aliyeharibika kuwa salama.

Kumweka kwenye friji

- Friji iwe na baridi ya nyuzi 4 za Selsiasi au chini ya hapo.
- Mweke rafu ya chini kabisa, ndani ya bakuli lenye mfuniko, ili majimaji yake yasidondokee matunda, maziwa au chakula kilichopikwa.
- Usimweke kwenye mlango wa friji. Pale joto hupanda kila unapofungua.

Kumgandisha

Unaweza kumgandisha hadi siku ya mwisho iliyoandikwa, ingawa mapema ni bora zaidi. Mkate vipande, ugawe mafungu ya mlo mmoja mmoja, ufunge vizuri kwenye mifuko safi na uandike siku uliyomgandisha. Mafungu madogo huganda haraka, na hutalazimika kuyeyusha kuku mzima kwa ajili ya mlo wa watu watatu.

Friza iwe na baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Chumba kidogo cha barafu ndani ya friji ya mlango mmoja mara nyingi hakifikii baridi hiyo, kwa hiyo kuku aliyemo humo mtumie ndani ya siku chache.

Kumbuka: barafu huzuia bakteria wasiongezeke, haiwaui. Kuku aliyegandishwa akiwa amebakiza siku moja hatoki kwenye friza akiwa mpya. Akishayeyuka, mpike ndani ya saa 24.

Kumyeyusha

- Njia bora ni ndani ya friji, kwenye bakuli. Vipande viache usiku kucha. Kuku mzima huhitaji siku nzima au zaidi.
- Ukiwa na haraka, mweke ndani ya mfuko usiopitisha maji, umzamishe kwenye maji baridi, na ubadilishe maji kila dakika 30. Akiyeyuka tu, mpike.
- Usimwache mezani usiku kucha wala kumwanika juani. Nje hulainika na kupata joto huku ndani bado ni barafu.
- Usimgandishe tena akiwa mbichi, isipokuwa kama ameyeyukia ndani ya friji na hajakaa nje. Ukishampika, unaweza kugandisha kitoweo chake.

Umeme ukikatika

Usifungue milango bila sababu. Friji iliyofungwa hutunza baridi kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa hufika saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Umeme ukirudi, kuku ambaye bado ana barafu anaweza kugandishwa tena. Aliyelainika na kupata joto mtupe.

Kumpika

Kumwosha kuku mbichi chini ya bomba hurusha bakteria kwenye sinki, vyombo na nguo, na ndimu au siki haiwaui. Moto ndio utakaowaua. Kama ana damu au mabaki ya manyoya, mfute, au mwoshe taratibu ndani ya beseni mbali na vyombo vingine. Kisha osha beseni, kisu, ubao na mikono kwa sabuni. Usikatie kachumbari kwenye ubao uliokatia kuku mbichi.

Mpike hadi sehemu nene ya paja na kidari ifike nyuzi 75. Kama huna kipimajoto, kata karibu na mfupa: nyama isiwe na rangi ya waridi, na majimaji yatoke maangavu. Maini na firigisi pia yaive hadi ndani.

Kuku aliyebaki

- Asikae nje zaidi ya saa 2. Joto likizidi nyuzi 32, kama mchana wa kiangazi Dar es Salaam au Mombasa, isizidi saa 1.
- Mgawe kwenye vyombo visivyo na kina apoe haraka, kisha mweke kwenye friji na umtumie ndani ya siku 3.
- Pasha mara moja tu, hadi mchuzi uchemke.
- Chakula ambacho mtoto amekilia kwa kijiko na kukibakiza kisiwekwe kwa ajili ya baadaye.
- Kama huna friji, nunua na upike kinachotosha siku hiyo.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Dalili za chakula kibaya zinaweza kuanza baada ya saa chache au siku kadhaa: kuhara, kutapika, tumbo kuuma na homa. Watoto wadogo, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu huathirika zaidi.

Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha au kumlisha, na mpe maji ya ORS kidogo kidogo. Kituo cha afya pia kitakupa vidonge vya zinki na kukuelekeza namna ya kuvitumia. Mpeleke haraka akiwa na dalili hizi:

- damu kwenye choo
- kutapika kila anachokunywa, au kushindwa kunywa au kunyonya
- macho kuingia ndani, au mkojo kupungua sana
- kulegea, kusinzia isivyo kawaida au degedege
- homa kali

Kama hajafikisha miezi 6, usisubiri dalili hizi. Mpeleke mara anapoanza kuharisha au kutapika.