Pua ya Dhahabu na Upasuaji wa Urembo

Sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.) alipoteza pua yake katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, Mtume (S.A.W.) akamuamuru atumie ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume (Abu Daud na Tirmidhi). Ama wanaochonga mwanya wa meno kwa ajili ya urembo, Ibn Mas'ud (R.A.) amepokea kuwa wamelaaniwa (Bukhari na Muslim).

Hapo ndipo wanazuoni walipopambanua: kuondoa kasoro yenye madhara kunajuzu, kubadili umbile la Allah kwa matamanio hakujuzu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipitisha hivyo Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007. Basi tabibu Muislamu, kabla ya kushika kisu, ajiulize: natibu au nabadili?