Wasee, Mambo Husimama Misuli Ikilegea, Si Ikikaza

Wengi hudhani uume husimama kwa sababu kuna misuli imekaza. Zii! Ni kinyume kabisa.

Ndani ya uume kuna tishu kama sponji. Kuta za sponji hiyo na mishipa yake zina misuli laini, ile huwezi kuiamrisha vile unakunja mkono. Muda mwingi imejikaza na kubana mishipa, damu inaingia kidogo tu. Uume unalala.

Hisia zikipanda, neva hutoa gesi inaitwa nitriki oksaidi. Misuli inalegea, mishipa inapanuka, damu inajaa. Sponji ikivimba inabana vena, damu inakosa pa kutokea. Mambo iko sawa.

Ukiwa na wasiwasi, mwili unamwaga adrenalini na misuli inakaza tena. Ndio maana msee mwenye afya fiti anaweza kufeli siku ya kwanza na manzi. Si kurogwa, na si lazima ukimbilie tembe.

Viagra, iliyoidhinishwa Marekani 1998, husaidia misuli ikae imelegea, haileti hisia. Ukiichanganya na dawa za moyo zenye naitreti, presha inaweza kushuka hadi ikuue. Na ukisimama zaidi ya saa 4, kimbia hosi: damu iliyokwama huishiwa oksijeni na tishu inaharibika.

Ikigoma kila mara, ona daktari. Mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hivyo shida ya moyo inaweza kuanza kujionyesha huko.