Orodha za Ubora wa Vyuo Vikuu

Orodha za ubora hupanga vyuo vikuu kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, na hutolewa kila mwaka na magazeti, makampuni au vituo vya utafiti. Mtindo huo ulipata umaarufu Marekani mwaka 1983, jarida la U.S. News & World Report lilipowauliza wakuu wa vyuo wataje vyuo wanavyoviona bora. Orodha ya kwanza ya dunia nzima ilitolewa Shanghai mwaka 2003.

Utengenezaji wake ni hesabu tu. Mtungaji huchagua vipimo, hukipa kila kimoja uzito, kisha hujumlisha alama. Ubishi wote uko kwenye uzito. Shanghai hutoa asilimia 30 ya alama kwa tuzo za Nobel na medali za Fields za hisabati walizopata wahitimu na wahadhiri wa chuo. Orodha ya kampuni ya QS ya London hutegemea sana maoni ya wanataaluma kuhusu vyuo wanavyovisikia. Webometrics, iliyoanzishwa Hispania mwaka 2004, kwa miaka mingi imetoa nusu ya alama kwa viungo ambavyo tovuti nyingine zimeelekeza kwenye tovuti ya chuo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomtuma mtu aketi darasani asikilize mhadhara.

Athari za orodha hizi huonekana vizuri Arua, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda. Chuo Kikuu cha Muni kilichoko huko, cha serikali, kilianzishwa mwaka 2013. Makerere ya Kampala ilianza mwaka 1922. Orodha ya Times Higher Education hudai chuo kiwe na angalau makala 1,000 za utafiti ndani ya miaka mitano kabla hakijapewa nafasi, hivyo chuo kichanga chenye watafiti wachache huishia mlangoni, hata wahadhiri wake wakifundisha vizuri kiasi gani. Webometrics haina mlango huo, lakini humo chuo hupimwa kwa anwani yake ya intaneti. Kwa hiyo matawi ya Arua ya Uganda Christian University na ya Islamic University in Uganda hubebwa na jina la chuo mama, kilichoko Mukono kwa la kwanza na Mbale kwa la pili. Anayesoma nafasi ya chuo mama haambiwi lolote kuhusu maktaba au maabara ya tawi.

Namba zenyewe pia zina walakini. Sehemu ya takwimu hupelekwa na vyuo vyenyewe. Mwaka 2022, Michael Thaddeus, profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alizitilia shaka hadharani takwimu za chuo chake; chuo kikakiri makosa, na katika orodha ya U.S. News kikashuka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18. Majengo na walimu walikuwa walewale. Chini ya orodha alama hukaribiana mno, na ndiyo sababu watungaji wengine huvitaja vyuo kwa mafungu, kama 1001 hadi 1200. Kushuka nafasi mia moja huko chini kunaweza kuwa jambo dogo kabisa, ingawa magazeti hulitangaza kwa kishindo.

Hata hivyo orodha hizi si bure. Kwa anayetafuta mahali pa kufanyia shahada ya uzamivu, hesabu ya makala na marejeo humwonyesha utafiti unafanyika wapi. Kijana wa Koboko, si mbali na Arua, anayetaka shahada ya uuguzi ana maswali mengine: ada, nauli na malazi, na kama karatasi atakayopata itatambuliwa. La mwisho hujibiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Baraza hilo husajili vyuo na kuidhinisha kozi moja moja kwa muda maalumu. Mwaka 2023 ilizuka taharuki Uganda ilipojulikana kwamba kozi nyingi, zikiwemo za vyuo vyenye majina makubwa, muda wake wa idhini ulikuwa umepita. Kwa hiyo kinachotazamwa ni kozi yenyewe na tarehe yake. Jina la chuo pekee halitoshi. Kwa uuguzi huongezwa baraza la wauguzi na wakunga, ambalo ndilo humsajili mhitimu kabla hajaanza kazi.