Ukurasa wa Kwanza ni Mlango

Ndugu msomaji, kabla sijaingia katika habari za magazeti ya zamani, niruhusu kwanza nikiri kosa langu. Ukicheka, cheka, lakini soma hadi mwisho.

Miaka michache iliyopita, sisi vijana saba wa Muleba na Bukoba tulianzisha ukurasa wetu katika mtandao. Tulitaka mahali pa kuweka hadithi na mashairi yetu. Na kwa kuwa ndugu zetu wametawanyika Mwanza, Geita, Dar es Salaam hadi ughaibuni, tukaongeza habari za nyumbani: harusi, misiba na mikutano ya ukoo. Kazi ya kupanga ukurasa wa mbele nikapewa mimi, kwa sababu moja tu: ndiye niliyekuwa na kompyuta.

Nikaupamba, bwana! Juu kabisa nikaweka picha ya ziwa alfajiri, mitumbwi imetulia kama imechorwa. Picha ile ilijaza kioo chote cha simu. Chini yake nikaweka shairi langu mwenyewe. Sehemu za ukurasa nikazipa majina ya kishairi: hadithi nikaziita "Moto wa Jioni", matangazo nikayaita "Upepo wa Ziwa", na misiba nikaiita "Safari". Halafu zote nikazificha nyuma ya vile vistari vitatu vya pembeni, maana niliona wenye kurasa za kisasa ndivyo wafanyavyo. Wenzangu wakanipigia makofi.

Mwaka huohuo mama mkubwa akafariki, huko Kamachumu. Mazishi yalitangazwa kuwa Jumamosi, kisha wazee wakakaa, wakayarudisha Ijumaa. Niliandika mabadiliko hayo upesi, nikayaweka chini ya "Safari". Mjomba, ndugu yake marehemu wa tumbo moja, alikuwa Geita. Sisi nyumbani, kila mmoja alidhani mwenzake kampigia simu. Kumbe mjomba alikuwa ameambiwa tu kwamba ratiba ipo kwenye ukurasa wa vijana, na Alhamisi usiku aliufungua. Alifika Jumamosi asubuhi, kaburi limekwisha kulala usiku mmoja.

Hakufoka. Alikaa kimya muda mrefu kwenye benchi nje ya nyumba, kisha akaniita. "Mwanangu," akasema, "niliona ziwa. Msiba sikuuona."

Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa kwenye mashairi yangu na kunipeleka kwenye historia. Nilitaka kujua: hivi waliotutangulia, ukurasa wa kwanza waliupangaje? Na nani aliamua nini kiwe juu na nini kiwe chini?

Pembe ya heshima

Tuanzie mbali kidogo. Kabla ya mashine za kuchapa kufika, Kiswahili cha pwani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Msomaji aliingia kwenye karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo pembe ya heshima ilikuwa juu kulia. Zilipokuja shule za wamisheni na serikali ya Wajerumani na herufi za Kirumi, mlango ukahamishwa. Karatasi ni ileile na lugha ni ileile, ila sasa mtu anaingilia upande wa kushoto. Mwaka 2006 mtafiti mmoja, Jakob Nielsen, alieleza alichokiona alipofuatilia macho ya watu wanaosoma kurasa za mtandao. Macho yanapita juu kwa mlalo, yanashuka kidogo, yanapita tena kwa mlalo mfupi zaidi, halafu yanateremka ukingo wa kushoto, kama herufi F. Kilichowekwa chini kulia kinapata bahati ndogo. Babu wa Lamu aliyezoea herufi za Kiarabu asingesoma hivyo. Kwa hiyo jambo la kwanza nililojifunza ni hili: macho yana mazoea, na mazoea hayo hufundishwa. Anayepanga ukurasa anapaswa kujua msomaji wake amezoea kuingilia wapi.

Mwaka 1888, huko Kiungani, Unguja, katika chuo cha wamisheni wa Kiingereza, lilianza jarida liitwalo Msimulizi. Lilikuwa miongoni mwa majarida ya mwanzo kabisa ya Kiswahili. Hebu tazama jina lenyewe. Kabla hujafungua ukurasa unajua unakutana na nani: mtu anayesimulia. Januari 1923 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika, kupitia idara yake ya elimu, ikaanzisha Mambo Leo. Jina hilo nalo halihitaji mkalimani. Gazeti lile la kila mwezi lilikuwa la wakoloni na lilisema waliyotaka yasemwe, hilo tusilifiche. Lakini lilichukua barua za wasomaji, mashairi, na habari zilizoletwa kutoka wilayani. Shaaban Robert ni mmoja wa waliochapisha mashairi yao humo. Mtu wa mbali alinunua gazeti akijua ndani yake kuna kona ambayo huenda ina habari za kwao.

Na sisi wa Kagera tulikuwa na yetu. Miaka ya 1950 mjini Bukoba yalisomwa magazeti ya Kihaya, na mawili kati yake majina yake yananipendeza hadi leo. Moja ni Bukya na Gandi, maana yake kunakucha na mengine. La pili, la Wakatoliki, ni Rumuli, yaani mwenge. Mhaya aliyelishika mkononi hakuuliza hiki ni kitu gani. La kwanza lilimwambia kila siku ina jipya lake, la pili likamwambia nakumulikia. Sasa linganisha na mimi niliyeita misiba "Safari". Mjomba alipoliona neno hilo, kama aliliona, huenda alidhani ni ratiba ya mabasi.

Waingereza waliweka nini juu?

Nilidhani magazeti makubwa ya dunia tangu zamani yaliweka habari kubwa mbele. Si kweli. The Times la London, gazeti lililoheshimiwa na mabalozi na mawaziri, mpaka mwanzoni mwa Mei 1966 ukurasa wake wa kwanza haukuwa na habari hata moja. Ulijaa matangazo madogo madogo: nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafariki, nani anauza nini. Vita viwili vya dunia vilipita huku ukurasa wa mbele umejaa vizazi na vifo vya watu. Habari zilihamia mbele tarehe 3 Mei 1966.

Watu wengi husema ule ulikuwa upangaji wa kizee. Mimi siku hizi sina hakika. Msomaji wa zamani alijua kwamba akilishika gazeti asubuhi, kabla ya kikombe cha kwanza kwisha, atajua kama kuna mtu wake aliyeondoka. Waziri mkuu angeweza kusubiri ukurasa wa ndani.

Kwetu kazi hiyo ilifanywa na redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na matangazo ya vifo kwa saa zinazojulikana. Redio haina ukurasa, lakini ina saa, na saa ndiyo pembe yake ya juu. Ukifika wakati ule nyumba nzima inanyamaza, hata mtoto anaambiwa nyamaza. Hakuna aliyehitaji kutafuta. Unajua mlango uko wapi, unasimama hapo, unasikiliza majina.

Orodha isiyo na nafasi yako

Sasa nifike mahali pagumu. Hakuna mtu wa Bukoba au Muleba asiyejua tarehe 21 Mei 1996. Meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya kuamkia siku hiyo, ikapitia Kemondo, na asubuhi ikapinduka ikiwa karibu kufika Mwanza. Meli ile ilikuwa na uwezo wa kuchukua watu 430 hivi. Inakadiriwa waliokufa ni zaidi ya 800.

Watu waliobaki walikuwa na swali moja tu: yumo au hayumo? Na jibu la swali hilo lilipaswa kuwa kwenye karatasi. Orodha ya abiria ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Yaani mwanafunzi anayerudi shule, mama mwenye mikungu ya ndizi, kijana anayekwenda kutafuta kazi, hao wote karatasi haikuwa na mahali pa kuwaandika.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba orodha ndiyo iliyozamisha meli. Nasema kwamba aliyeichora orodha ile, au aliyezoea kuitumia, alikwisha kuamua mapema nani ataonekana. Mpangilio wa karatasi unaonekana kuwa kazi ya karani, kazi ya mstari na rula. Kumbe ndani yake mna hukumu. Mwenye nafasi kwenye karatasi ana jina. Asiye na nafasi, ndugu zake wanabaki ufukweni wakihesabu wenyewe.

Kipya juu, cha jana chini

Mtandao ulipokuja, mwanzo wake ulikuwa mnyenyekevu. Ukurasa wa kwanza wa dunia, uliotengenezwa na Tim Berners-Lee huko CERN, Uswisi, na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 1991, haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa maneno tu, na baadhi ya maneno yalikuwa njia: ukiligusa neno, linakupeleka linapokwenda. Mwandishi Ndesanjo Macha alipofungua blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004, na mpiga picha Issa Michuzi alipofungua yake Septemba 2005, Kiswahili kikapata uwanja mpya. Hapakuwa na haja ya mhariri wala mtambo wa kuchapia.

Lakini blogu zilikuja na desturi yake: kipya kinakaa juu, cha jana kinasukumwa chini. Ni desturi nzuri kwa mwenye kiu ya habari. Bukya na Gandi hasa! Ubaya wake unaonekana siku ya shida. Chukua tetemeko la Jumamosi ile, tarehe 10 Septemba 2016, nyumba zilipoanguka Bukoba na vijiji vya jirani. Katika siku kama hizo, tangazo la mahali pa kupata hema linaweza kuandikwa asubuhi, na jioni likawa limefunikwa na picha kumi za viongozi waliokuja kutoa pole. Picha ndizo mpya, kwa hiyo ndizo juu. Hema bado linahitajika, lakini liko chini, na aliyelala nje hana chaji ya kuteremka hadi huko.

Kwa hiyo kipya si lazima kiwe ndicho kinachohitajika. Hilo ndilo nililopaswa kulijua kabla ya msiba wa mama mkubwa.

Njia iliyofagiwa

Nyumba ya Mhaya imezungukwa na kibanja. Ukisimama barabarani unaona migomba na mibuni tu, nyumba huioni. Lakini mgeni hapotei, kwa sababu kuna njia moja iliyofagiwa, inapita katikati ya migomba na kumfikisha uani. Hakuna anayemwambia mgeni atafute mwenyewe. Nilipokumbuka hilo nikaona aibu. Mimi mtoto wa kibanja nilikuwa nimejenga nyumba bila njia.

Nikaupanga upya. Picha ya ziwa nimeipunguza ikawa utepe mwembamba, hata simu ya bei ndogo inaufungua bila kumaliza kifurushi. Vile vistari vitatu nimevitoa. Badala yake kuna maneno matano waziwazi juu: Misiba, Matangazo, Hadithi, Mashairi, Sisi ni Nani. Majina ya kishairi nimeyaacha kwa ajili ya mashairi yenyewe. Tangazo la msiba likiwekwa, linabaki juu hadi mazishi yapite, hata kama tumepata hadithi tamu kiasi gani. Na ratiba ikibadilika, mabadiliko yanaandikwa kwenye mstari wa kwanza, siku na saa, kabla ya wasifu wa marehemu. Halafu tunapiga simu vilevile, maana ukurasa hauzidi sauti ya ndugu.

Vijana wenzangu mnaoanza kuandika, shime! Najua kila mmoja wetu anataka jina lake liwe juu. Lakini kabla hujaweka kitu juu, jiulize nani atafika hapo usiku, akiwa na haraka, na simu yake ina asilimia nne. Mpangie huyo kwanza. Anayekuja kwa raha atakutafuta tu.

Nilipomaliza nilimpelekea mjomba simu. Nikamwambia tafuta msiba, nikakaa kimya, nisimwelekeze hata kwa kidole. Akavaa miwani, akagusa mara moja, akaupata. Akateremka taratibu mpaka chini kabisa, akakohoa.

"Na shairi lako nalo liko huku?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi liache hukuhuku."