Fahamu: Vichaka vya asili vilivyomeza malisho Namibia

Si kila mmea vamizi umetoka ng'ambo. Nchini Namibia, vichaka vinavyowatesa wafugaji ni vya hapo hapo: kikwata na mkulagembe, ambavyo Kenya na Tanzania pia vipo. Inakadiriwa vimesongamana kwenye hekta milioni 45, zaidi ya nusu ya nchi.

Chanzo kikubwa ni nyasi kuisha. Ng'ombe wakizidi, nyasi hazipati muda wa kurudi, na maji ya mvua yanabaki kwa mizizi ya vichaka. Moto uliokuwa ukiunguza miche midogo nao ukakosa nyasi za kuwaka, na ulipowaka ulizimwa haraka. Tembo na faru weusi, walaji wakubwa wa vichaka, wakapungua.

Kufyeka peke yake ni kazi bure. Mkulagembe ukikatwa huchipua upya kutoka mizizini, tena kwa wingi. Kwa hiyo kisiki hupakwa dawa mara tu baada ya kukatwa, au mbuzi huachiwa wale machipukizi, au nyasi zikisharudi unawashwa moto wa kudhibitiwa. Dawa ya kumwaga kwenye udongo ni rahisi kutumia lakini haichagui. Inaua hata mti mkubwa wa kivuli ambao mizizi yake imefika hapo.

Wala havitakiwi kumalizwa vyote. Kipimo kinachotumika kusini mwa Afrika ni hiki: mmea wenye urefu wa mita 1.5 ni kizio kimoja, wa mita 3 ni viwili. Kwa hekta, vizio visizidi mara mbili ya wastani wa mvua ya mwaka kwa milimita. Penye mvua ya milimita 400, basi, mwisho ni vizio 800.

Gharama je? Miti inayokatwa inageuzwa mkaa unaouzwa mpaka Ulaya, na wakati wa ukame matawi husagwa kuwa chakula cha mifugo. Karibu na Otjiwarongo, Cheetah Conservation Fund hutengeneza kuni za kushindiliwa ziitwazo Bushblok, maana duma naye anahitaji uwanda ulio wazi ili akimbize windo.

Tatizo ni kwamba mkaa ukilipa vizuri, wakataji huanza kutamani miti minene. Ndiyo maana mwenye shamba huhitaji kibali cha idara ya misitu kabla ya kuvuna.